Kulipa Ada kwa Kalenda ya Dagaa

Mwezi Oktoba 2022 nilimpelekea mhasibu wa chuo barua ya kurasa mbili. Katika ukurasa wa pili nilikuwa nimechora kalenda ya miezi kumi, na baadhi ya siku zake nilikuwa nimezipaka wino mweusi. Mhasibu huyo, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yangu, alinipa shikamoo, akaisoma barua hadi mwisho, kisha akaniuliza siku zile nyeusi zilikuwa na maana gani. Nilimweleza kuwa ni siku za giza, yaani zile ambazo mwezi hauonekani au unachelewa sana kuchomoza, na kwamba ada yangu yote inatoka katika siku hizo.

Nilikuwa na umri wa miaka 38, mama wa watoto watatu, mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa mwaka wa kumi na moja, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa stashahada ya uhasibu. Watu wanaoniuliza nilivyolipia masomo hutarajia nimtaje mfadhili au mkopo fulani ambao wao hawakuusikia. Sikuwa na mfadhili. Nilichokuja kukielewa, tena baada ya kuumia, ni kwamba kiasi cha ada hakikunitesa kama zilivyonitesa tarehe zake, kwa sababu tarehe hizo zilipangwa na watu wanaomfikiria mwanafunzi ambaye mzazi wake hupokea mshahara mwisho wa mwezi.

Kwa msomaji asiyeishi kando ya ziwa, ni lazima nieleze kazi yenyewe. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa umeme wa jua. Taa huelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, ndipo nyavu zinaposhushwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kumwita dagaa, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa ufukweni na watu hukaa kambini wakishona nyavu. Kule visiwani hilo ni pumziko, lakini kwetu sokoni maana yake ni siku kumi hivi za kila mwezi ambazo mzigo hauingii, na ukiingia ni mabaki ya stoo kwa bei isiyoachia faida. Halafu kuna masika. Kuanzia Machi hadi Mei dagaa wanaoanikwa juani hawakauki vizuri, wanageuka rangi, wanaanza kunuka, na gunia ambalo lingeliwa na watu linaishia kuuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Kila mwenye kibanda Mwaloni anaijua kalenda hii bila kuandikiwa, ila chuoni hakuna aliyeijua, na mimi mwenyewe mwanzoni sikufikiria kwamba kulikuwa na haja ya kuwaeleza.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2002, nikiwa na alama D katika masomo matano. Wakati ule alama hizo zilionekana kuwa mwisho wa safari, ingawa kwa taratibu za vyuo vya kati ufaulu wa masomo manne, ukiacha ya dini, unatosha kuanza astashahada. Jambo hilo nililijua nikiwa na miaka 36, nilipolisoma kwenye tangazo lililobandikwa nje ya steshenari moja ya Kitangiri, na nakiri kwamba niliumia kuona kuwa kwa miaka yote ile mlango ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa.

Kijana wa steshenari ndiye aliyenijazia maombi ya chuo, na nilimwomba anifungulie pia mwongozo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tuliusoma pamoja, na haikuchukua muda mrefu. Miongozo ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35, awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia, na astashahada niliyokuwa naiendea haikuwamo kabisa. Mikopo ya ngazi ya stashahada ilikuja baadaye, mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani chache zilizoteuliwa kama afya, kilimo, madini na usafirishaji, na uhasibu haukuwa mmoja wao. Naelewa kwamba fungu la Bodi halitoshi hata vijana wanaotoka moja kwa moja shuleni. Hata hivyo nitasema ninachokiamini: kikomo cha miaka 35 kinawaangukia wanawake kwa uzito ambao sidhani kama waliokiweka walikusudia, maana miaka ambayo kijana wa kiume anaitumia kutafuta chuo, wengi wetu tuliitumia kuzaa na kunyonyesha, na mtoto wa mwisho anapoanza darasa la kwanza mama yake tayari amevuka kikomo hicho.

Nilikuwa na matumaini kwa mdogo wangu, mwalimu wa sekondari huko Geita, ambaye mimi na mama ndio tuliomsomesha hadi kidato cha sita. Yeye alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi, na tangu sheria ibadilishwe mwaka 2016 mnufaika aliye kwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi hadi deni liishe. Alinionyesha hati yake ya mshahara bila mimi kumwomba. Baada ya kuiona sikumtajia tena habari ya ada, naye kwa hiari yake alininunulia kikokotoo na vitabu viwili, ambavyo nilivitumia kwa miaka yote mitatu.

Hapa inanijia picha ya bibi yangu mzaa mama, ambaye alijifunza kusoma huko Ukerewe akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya nchi nzima. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1968, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeweka makao yake hapa Mwanza, ukawafundisha wakulima wa mikoa ya kanda ya ziwa kusoma kupitia kazi zao wenyewe, kama vile kilimo cha pamba na cha migomba. Bibi alikuwa akisimulia kwamba darasa lilianza watu wakisharudi shambani, na kwamba msimu wa kupalilia ulipofika mwalimu aliwasubiri. Hakutozwa chochote. Sidai kwamba stashahada ya uhasibu itolewe bure chini ya mwembe; ninachokikumbuka katika masimulizi yale ni kwamba ratiba ya darasa ilipangwa kwa kumtazama mtu mzima na kazi yake, na kwamba jambo hilo lilifanyika katika ziwa hilihili, kwa watu walewale.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo wengi wanalifanya na hawalisemi. Astashahada ilikuwa na ada ya shilingi 960,000 kwa mwaka, kwa awamu nne za 240,000. Katika bajeti yangu niliandika kiasi hicho tu. Siku ya usajili nilikuta kuna bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, ada ya uthibiti wa ubora shilingi 15,000, mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho, na mambo mengine madogo madogo ambayo kila moja peke yake halishtui. Jumla ya siku hiyo ilikaribia 380,000, na nilikuwa na 150,000 za akiba. Zilizobaki nilizitoa kwenye mtaji.

Mtaji wangu wote ulikuwa kama shilingi 1,200,000. Nilijiambia kwamba nazikopa kwangu mwenyewe na nitazirudisha giza lijalo, na sikujua kwamba maneno hayo ndiyo anayojiambia kila mfanyabiashara anayefilisika taratibu. Mtaji ukipungua, faida haipungui kwa kiasi kilekile, inapungua zaidi, kwa sababu kodi ya kibanda haipungui, nauli ya kwenda kuchagua mzigo haipungui, na muuzaji wa kisiwani akiona unataka magunia manne badala ya kumi hakupi tena bei ya mteja wake wa siku zote. Desemba nikatoa tena kwenye mtaji ili kulipa awamu ya pili. Ilipofika Machi 2022 nilikuwa na chini ya laki tano mkononi, mvua ikanyesha juu ya chanja, na awamu ya tatu ikawa imefika.

Katika wiki hizo ndipo mama mmoja sokoni aliponieleza habari za mkopo ambao hauhitaji dhamana wala mdhamini, unatolewa siku hiyohiyo. Watu wameuita kausha damu, na walioupa jina hilo walikuwa wameuonja. Masharti aliyonitajia yalikuwa shilingi 300,000 za kurudishwa kwa 10,000 kila siku, kwa siku 40. Nilichukua daftari nikahesabu, na kilichonizuia hakikuwa zile 100,000 za nyongeza, maana mtu aliyebanwa huona nyongeza ni jambo la baadaye. Kilichonizuia ni kwamba ndani ya siku 40 zile kulikuwa na siku zipatazo kumi na tano za mbalamwezi ambazo mimi siingizi kitu, na mkusanyaji wa marejesho angekuja kibandani kila asubuhi bila kujali mwezi uko wapi. Wako wanawake ninaowafahamu ambao walipoteza vitanda, majokofu na hatimaye ndoa kwa mikopo hiyo, na sitaki mtu yeyote aingie darasani kwa pesa ya namna hiyo, hata kama amebakiza mtihani mmoja tu.

Kikundi chetu cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana, ndicho kilichoniokoa, ingawa kilichelewa. Tuko wanawake 24, tunakutana kila Jumamosi jioni kuzunguka sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Hisa zangu ziliniruhusu kupata 240,000, lakini fedha za mzunguko huo zilikuwa zimeshachukuliwa na nikawekwa kwenye foleni ya wiki tatu. Wiki ya pili ya foleni hiyo ndiyo iliyokuwa na majaribio ya katikati ya semista, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wanaodaiwa iliyobandikwa mlangoni. Nilirudishwa katika somo moja. Mwisho wa mwaka nikaambulia mtihani wa marudio wa somo lilelile, ule ambao wanafunzi wote huuita sapu, na ulilipiwa nao.

Yaliyobadilisha mambo hayakuanzia chuoni. Yalianzia nyumbani, usiku mmoja wa mwezi Juni, mimi na mume wangu tukiwa tumekaa na madaftari mawili mezani. Yeye ni fundi ujenzi, na kazi yake nayo ina misimu, ingawa hufuata mvua na haina habari na mwezi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa ameshasema lililokuwa moyoni mwake: «Mwanangu, sikukatazi kusoma. Ila ukisoma wewe, huyu binti atasoma kwa pesa ipi?» Swali hilo nililichukia kwa wiki nzima kabla sijakubali kwamba lilikuwa la haki. Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha pili. Ada ya shule za serikali iliondolewa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vina gharama yake, na mtoto anayekaa njaa shuleni kwa sababu mama yake yuko chuoni atakuwa na haki ya kuuliza.

Usiku huo tulikubaliana mambo ambayo tuliyaandika na kuyatia saini, na mama mkwe akiwa shahidi. Mtaji hauguswi kwa ajili ya ada, hata siku moja. Mahitaji ya shule ya watoto yanatolewa kwanza kwenye kipato cha mume wangu, na mimi sitayagusa wala kuyachangia hadi nimalize. Kila giza linapoisha na mzigo umeuzwa, faida inahesabiwa hapohapo nyumbani, na sehemu ya ada inaingia kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa jambo jingine. Daftari la laini hiyo alikabidhiwa binti yetu. Alilitunza kwa ukali ambao sikuutarajia kwa mtoto wa miaka kumi na mitano; nilipomwomba mara moja tu elfu ishirini nikiahidi kuzirudisha kesho yake, aliniuliza kama baba na bibi wanajua.

Pengine msomaji ataona ni jambo la kawaida kwa mume na mke kukubaliana. Mimi naliona kuwa ndilo lililolipa ada kuliko gunia lolote. Mtu mzima hasomi kwa pesa yake. Anasoma kwa pesa ya nyumba nzima, na kila shilingi anayoipeleka chuoni ilikuwa na mwenyewe mwingine aliyekuwa akiisubiri. Wanafunzi wenzangu wawili waliokuwa na kipato kizuri kuniliko waliacha masomo mwaka uleule, na wote wawili walikuwa wakisoma kwa siri.

Baada ya makubaliano hayo ndipo nilipopata ujasiri wa kuandika ile barua. Ada ya stashahada ilikuwa shilingi 1,080,000, kwa awamu nne za 270,000, na tarehe za Oktoba, Desemba, Machi na Mei. Faida yangu ya giza moja, baada ya ushuru, kodi na wabeba mizigo, ilikuwa kati ya 200,000 na 260,000. Kwa hiyo hapakuwa na awamu hata moja ambayo giza moja lingeweza kuilipa, lakini ada yote ya mwaka ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Niliomba awamu sita za 180,000. Tatu zingelipwa kabla ya mitihani ya Februari: Oktoba, Novemba na Januari. Tatu nyingine zingelipwa kabla ya mitihani ya Julai: mwanzoni mwa Machi mvua zikiwa hazijakolea, mwishoni mwa Mei, na Juni. Aprili niliiacha tupu, na nikaandika wazi sababu yake. Kila tarehe niliiweka siku ya saba baada ya giza kwisha, kwa kuwa dagaa wakifika Mwaloni huhitaji siku kadhaa kuuzwa, hasa wanaonunuliwa na wafanyabiashara wa Kongo ambao hulipa mzigo ukishapakiwa.

Niliambatanisha pia kurasa za daftari langu la mauzo la miezi sita, zilizopangwa kwa namna niliyofundishwa darasani. Mhasibu alizitazama kwa muda mrefu kuliko barua yenyewe. «Mama, wewe hesabu zako zimesimama,» aliniambia, kisha akasema hana mamlaka ya kubadilisha awamu, ila ataipeleka barua mahali panapohusika na kuitetea. Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Walikubali kila kitu isipokuwa tarehe moja ya Januari, ambayo waliisogeza mbele kwa siku nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataliwa, hata maneno ya kukata rufaa nilikuwa nimeshayatafuta. Nadhani vyuo vingi vingekubali mpango wa namna hii kama vingeombwa kwa maandishi na mapema, kabla jina halijabandikwa mlangoni. Mtu anayekuja dirishani na machozi siku ya mtihani humwachia mhasibu nafasi ya kumhurumia tu, na huruma haiwezi kuingizwa kwenye leja.

Gharama moja haikuwamo kwenye barua yoyote, nayo ni muda. Masomo yalikuwa ya jioni, kwa hiyo niliacha wateja wa jioni kwa wengine. Mafunzo kwa vitendo yalichukua wiki nane katika ofisi ambayo haikulipa posho, na kwa wiki hizo nane nilimweka binti wa jirani kibandani kwa ujira wa kila siku. Ujira huo peke yake ulizidi awamu moja ya ada. Anayepanga kurudi shule aihesabu gharama hii tangu siku ya kwanza, maana kijana wa miaka 20 anapokwenda mafunzoni hapotezi kipato chochote, lakini mtu mzima hulipa mara mbili.

Nilimaliza stashahada mwaka 2024. Hivi sasa naandaa maombi ya shahada, na nakitazama Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na ambacho mwanafunzi wake hulipia kozi alizojisajili, hivyo anaweza kupunguza mwendo mwaka ukiwa mbaya. Mume wangu ameuliza ni kozi ngapi kwa mwaka. Binti yetu, aliyemaliza kidato cha nne, ameuliza daftari la laini atapewa nani sasa, na mdogo wake wa darasa la sita amelidai.

Juma lililopita alikuja kibandani kwangu mama anayekaanga samaki upande wa pili wa soko. Ana miaka 41 na amepata nafasi ya astashahada ya ustawi wa jamii. Alikuwa na barua ya kukubaliwa ndani ya mfuko wa plastiki, na chini yake karatasi ya awamu za ada, ya kwanza ikiwa Oktoba. Nilimuuliza sangara wake huwa wa bei nafuu miezi ipi, na wateja wake hupungua lini. Alifikiri kidogo, akavuta kigoda, akaanza kunitajia mwezi mmoja mmoja, nami nikafungua ukurasa mpya.